Mahudhurio ya Siku Ambazo Hazijafika

Jumatano, tarehe kumi na nne Januari. Joto.

Leo joto limeamka kabla yangu. Saa moja asubuhi bati lilishaanza kutoa ule mlio wake wa kujinyoosha, na watoto wa shule walikuwa wanapita nje ya dirisha letu na sare mpya ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Shule zimefunguliwa. Kila Januari huwa nafunga pazia la upande wa njiani mpaka wapite wote. Leo sikulifunga. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na furaha, nadhani furaha ndiyo iliyonisahaulisha.

Sasa ni alasiri. Nimekaa chini kwenye saruji, ndiko penye ubaridi, naandika kwa simu. Somoe yuko kitandani na penseli sikioni kama baba yake. Hajalala, ananisikiliza ninavyobonyeza.

Kwa wewe unayepita hapa mara ya kwanza: Somoe ni binti yangu wa pekee. Ana miaka kumi na tano na ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao sie huku Yombo tunauita sikoseli. Damu yake ikikorofisha, maumivu yanamshika kwenye mifupa, leo miguu, kesho mgongo, na anaweza kulazwa siku tatu au kulazwa kumi na moja. Baba yake ni seremala Keko, anatengeneza vitanda. Mie mwenyewe niliishia kidato cha pili. Ujauzito wa huyu huyu Somoe ndio ulionitoa shule. Sijutii. Nimeandika hivyo kisha nimejitazama kama nadanganya. Sidanganyi.

Na ndiye mie, wa kidato cha pili, ninayemfundisha mtoto sekondari nyumbani.

Haikuwa mpango. Alipokuwa darasa la sita nilianza kumsomesha siku zile ambazo hawezi kwenda shule, ili asiachwe nyuma. Darasa la saba akafaulu, akapangiwa sekondari ya kata. Alikaa huko miezi minne. Jumatatu moja, mstarini, yakasomwa majina ya watoro wa mwezi na Somoe akaitwa mbele pamoja nao. Alikuwa ametoka wodini siku mbili nyuma. Barua ya hospitali ilikuwa ndani ya begi lake, imekunjwa vizuri. Wakasimamishwa juani.

Nilimuuliza kwa nini hukuitoa ile barua.

"Walikuwa hawaulizi, mama," akaniambia. "Walikuwa wanasoma tu majina."

Kesho yake tulikuwa wodini tena. Na wiki hiyo, mie na baba yake tukakubaliana kwamba atasoma nyumbani, halafu umri na nguvu zikiruhusu atafanya mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuna watu wazima wanafanya hivyo, kuna akina mama wenye wajukuu wanafanya, kwa nini Somoe ashindwe.

Siku tuliyokubaliana ndiyo siku niliyonunua kaunta buku, lile daftari nene la jalada gumu.

Wakati huo nilikuwa namfulia nguo mwalimu mmoja wa sekondari, dada mwema sana, ameshahama. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba mwalimu hakurupuki. Kuna azimio la kazi, yaani mada zote za mwaka zimepangwa kwa wiki. Kuna andalio la somo. Na kuna daftari la mahudhurio. Nikachora mistari kwa rula, nikaandika tarehe juu, masomo pembeni, mada za kila wiki kwa kalamu nyekundu. Baba Somoe akanitengenezea ubao wa plaiwudi, akaupaka rangi nyeusi, akaugongea ukutani. Alipoliona daftari akacheka, "Shule ya mwanafunzi mmoja ina makaratasi kuliko halmashauri."

Nikala kiapo ambacho sikumwambia mtu. Kwamba katika daftari langu, huyu mtoto hataandikwa hayupo. Hata siku moja.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye aibu yangu.

Mwanzoni nilikuwa naweka vema kila siku jioni. Siku akiwa amelazwa naweka vema pia, najiambia si tulizungumza kidogo, si alinisomea maandishi ya kwenye chupa ya dripu, hilo nalo ni somo. Halafu ukaja mwezi mmoja mbaya, mwezi wa kifua, ambao sipendi kuusimulia. Alivyopona, tarehe mosi ya mwezi uliofuata nikaswali alfajiri, nikachukua daftari, na kabla sijawasha moto nikaweka vema za mwezi mzima. Tarehe moja mpaka tarehe thelathini. Yupo, yupo, yupo, yupo.

Mkono wangu ulitulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yangu. Kila tarehe mosi, baada ya alfajiri. Wengine wanatoa sadaka, wengine wanafunga, mie nilikuwa namwandikia mwanangu kwamba atakuwepo. Sikuona kama ni uongo. Nilikuwa namwomba Mungu kwa rula na kalamu.

Mie miaka ya Somoe siihesabu kama mnavyohesabu ya wenu. Mwenye mtoto kama wangu atanielewa, asiye naye asijisumbue.

Majirani wana maneno yao. Mama Nasra wa chumba cha mwisho kila akipita na ndoo lazima achungulie. "Shule ya Mama Somoe inafunga lini? Mwalimu mkuu anakoroga uji, mwanafunzi amelala darasani." Simchukii. Siku tuliyokosa bajaji ni yeye aliyembeba Somoe mgongoni mpaka barabara kubwa. Ila maneno yake yalikuwa yananifanya niliongezee daftari mistari, lipendeze zaidi, ili siku moja mtu aliyesoma alifungue aseme, kumbe huyu mama alikuwa anafanya kazi.

Mtu aliyesoma amelifungua leo.

Kuna kituo Tandika kinachofundisha wanaofanya mitihani kwa kujitegemea. Vyumba viwili, mabenchi, feni moja. Mwezi huu wanapanga makundi. Kundi la kwanza linasoma mwaka mmoja na kufanya mtihani wa maarifa mwezi wa kumi na moja mwaka huu huu, ukifaulu huo ndiyo unaruhusiwa kuendelea kuelekea mtihani wa kidato cha nne. Kundi la pili linaanza mwanzo kabisa, mtihani mwakani. Msimamizi anaitwa Mwalimu Deo, kijana, nadhani nimempita miaka sita au saba, ana chaki mpaka kwenye nyusi. Anayetoka nyumbani anaambiwa alete kumbukumbu zake za masomo, wazitazame, ndiyo wampange.

Nikajisemea, kumbukumbu? Hilo ndilo la kuniuliza mie.

Nimeenda na kaunta buku tatu, nimezifunga kwenye khanga. Somoe nimemwacha alale, usiku aliamka mara mbili na goti. Mwalimu Deo amenipa kiti, amefungua daftari la kwanza, na nimemwona nyusi zikipanda kwa kuridhika. "Mama, umepanga hivi mwenyewe?" Nikasema mwenyewe. "Sisi hapa walimu wanne hatuna kitu kama hiki." Nikaona aibu ya furaha, nikatazama sakafu.

Akafungua la pili. Akafungua la tatu, la sasa. Akafunua nyuma, akafunua mbele.

"Mama Somoe, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nne."

"Ijumaa ya tarehe thelathini Somoe alisoma nini?"

Sikuelewa. Akageuza daftari upande wangu, akaweka kidole. Tarehe thelathini, Hesabu, milinganyo, vema. Tarehe thelathini na moja hata masomo hatuna, ni Jumamosi, lakini nilikuwa nimeweka vema hapo pia.

Hakucheka. Laiti angecheka. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri nyuma yangu ndiye aliyecheka, kidogo tu, kisha akakohoa kufunika.

Akaniuliza taratibu, "Umesema binti ana sikoseli. Mbona hajawahi kuumwa humu? Miaka miwili na miezi nane, hakuna hata siku moja." Akaniambia kwamba mtoto mwenye hali kama hiyo anaweza kuombewa muda wa nyongeza kwenye chumba cha mtihani, na ruhusa ya kutoka kunywa maji, na yeye angependa kumwombea mapema. Lakini barua yake lazima iegemee kitu. "Sasa niegemee hili? Hili linasema ana afya kuliko mimi."

Nikaanza kueleza. Nikaanzia mstarini, nikaruka kwenye wodi, nikarudi kwenye alfajiri, mwenyewe nikajisikia ninavyopotea. Alinisikiliza. Mwishoni akasema, "Mama, nakuamini. Ila siwezi kumpanga mtoto kwa kitu hiki. Sijui anajua nini. Kaandike upya, ukweli tu, uniletee Ijumaa. Kundi la mwaka mmoja limebakiza nafasi mbili. Siwezi kukuahidi."

Nimefunga madaftari yangu kwenye khanga. Nimesahau kumuaga.

Njiani nilikuwa na hasira, na nitaandika hasira yangu ilivyokuwa. Nilimchukia. Nilijiambia huyu hana mtoto, hajui. Halafu hasira ikapoa, nikaanza kupanga. Nilipanga hivi: nanunua kaunta buku mpya, nanakili kila kitu upya kwa mwandiko mzuri, naondoa zile vema za mbele, halafu naweka "mgonjwa" hapa mara tatu, pale mara nne, kidogo tu, ionekane kawaida. Apate barua ya muda wa nyongeza na apate nafasi ya mwaka mmoja. Vyote viwili. Nilishafika mpaka duka la vifaa vya shule. Nilishaliomba daftari.

Nikampigia baba yake nikiwa pale pale kaunta. Nyuma yake randa ilikuwa inalia, akatoka nje kunisikiliza. Nikamweleza yote.

"Amekula?" akauliza.

"Nani?"

"Somoe."

"Nimemwachia uji."

"Basi nenda nyumbani, mke wangu. Usifanye kitu hujaongea naye. Yeye ndiye anayesoma."

Daftari nimelinunua hata hivyo.

Nimemkuta Somoe ameshaamka, anakunywa maji, chupa yake ya lita moja na nusu ambayo anaisukuma siku nzima. Goti limepungua. Akaniangalia usoni, akaangalia khanga, akajua. Akataka kunichekesha, akainua mkono kama yuko darasani. "Mwalimu mkuu, tumefukuzwa?"

Nikamweleza. Nikamweleza na mpango wangu wa kunakili. Nilipofika kwenye ile "mgonjwa mara tatu hapa, mara nne pale" akanitazama vile bibi yake wa Lindi anavyotazama samaki wa jana.

"Tuandike yote," akasema. "Leta daftari la kliniki."

Madaftari ya kliniki yako mawili. La kwanza lilimwagikiwa chai, tarehe zinasomeka kwa shida. Tukayatandaza chini, la kliniki kushoto, la kwangu kulia. Yeye anasoma tarehe aliyolazwa na aliyotoka, mie natafuta kwenye daftari langu, nakata vema, naandika "mgonjwa" kwa kalamu nyekundu. Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Alikuwa anakumbuka vitu. "Hii ndiyo ile wodi yenye paka." "Hii nesi alikuwa na meno ya dhahabu." Kuna siku alinizuia nisikate, akasema siku hiyo alisoma kweli, alikaa kitandani akafanya Jiografia yote, mvua aina zake tatu. Tukaiacha. Nikapata moyo.

Halafu kurasa zikaanza kuwa nyekundu.

Sikuwahi kuziona hizo siku zimekaa pamoja. Zilikuwa zinakuja moja moja, tunaivuka moja, tunashukuru, tunaisahau. Mie nilikuwa nazifunika zote kwa vema. Leo nimeziona zimejipanga mstari, mwezi mzima wa Julai, wiki tatu za Novemba, na mtoto wangu ndiye aliyekuwa ananisomea, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua sokoni. Ilibidi nisingizie kwenda kutazama jiko. Jiko lilikuwa halina moto.

Niliporudi nimemkuta ameshika daftari langu mwenyewe, ameliinamia.

"Mama. Aljebra. Hizi wiki mbili za aljebra nilikuwa nimelazwa?"

Nikaangalia. Tarehe zilikuwa zile zile za siku kumi na moja.

"Ulikuwa umelazwa."

"Zote?"

"Zote. Tulitoka Jumapili."

Somoe akiwa na jambo huwa anakwaruza kucha ya kidole gumba. Akakwaruza.

"Mie nilijua nimefundishwa nikashindwa," akasema.

Nikamuuliza ana maana gani.

"Siku za wodini zinachanganyika, huwezi kukumbuka ipi ilikuwa lini. Nikikwama kwenye swali nilikuwa nashusha daftari lako pale ukutani, natafuta mada. Naona ipo, ina tarehe, ina vema. Nilikuwepo." Akainua mabega. "Kama nilikuwepo na sijui, basi ni mie. Nikasema mie ni kichwa maji. Nikaacha kukuuliza, maana utaona umefundisha bure."

Nikalivuta daftari langu karibu, nikafunua kurasa za mwaka jana.

Aliacha kuuliza maswali tangu Ramadhani iliyopita. Naikumbuka. Naikumbuka kwa sababu niliifurahia. Nilimwambia baba yake, mtoto siku hizi anaelewa, haulizi tena. Niliiandika mpaka kwenye daftari, safu ya maoni, kwa kalamu nyekundu: "Anaendelea vizuri sana."

Walimwita mtoro mbele ya shule nzima, na nikawatoa maana, nikawaita watu wasio na huruma. Na mie nikamkalisha ndani ya chumba hiki karibu miaka mitatu akijiona mjinga, mbele ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Nimelia. Yeye hakulia. Alinisogezea upande wa khanga nijifute, akasubiri, halafu akasema tuendelee, bado mwaka jana.

Tukaendelea. Na kwa kuwa tumeamua kuandika yote, nikamwonyesha ambayo asingeyajua. Kuna siku yeye alikuwa mzima na mie mzima na hatukusoma, nikaweka vema vile vile. Siku za Fizikia, mada ya umeme. Niliishia kidato cha pili na hata hicho cha pili sikukimaliza, ile michoro ya saketi kwangu ni kama ramani ya mji ambao sijawahi kufika. Nilikuwa napitia kitabu asubuhi peke yangu, naona sielewi, naona akiniuliza nitaumbuka, natafuta kazi.

"Mapazia," akasema Somoe.

"Nini?"

"Tulikuwaga tunafua mapazia. Kila ikifika Fizikia tunafua mapazia. Mama Nasra akasema hii nyumba mapazia yao yatayeyuka."

Hapo tulicheka, wote wawili, kicheko cha kuumiza mbavu, mpaka nikamwambia apumue taratibu. Nikamuuliza sasa hapa niandike nini, maana mgonjwa hakuwepo. Akachukua kalamu mkononi mwangu akaandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande: "Mwalimu hakuwepo." Mara tisa. Nilimwachia aandike zote tisa.

Tulipomaliza akahesabu kwa penseli. Siku alizosoma kweli, ukizikusanya zote, zinafika kama mwaka mmoja na miezi michache. Sio miwili na nane. Kiswahili na Baiolojia amevuka vizuri, Jiografia yuko mbele kuliko nilivyodhani, Hesabu yenyewe ya namba yuko sawa, ila aljebra hana, umeme hana, Kiingereza kina mashimo. Aliandika ukurasa mmoja, "ninachojua" upande huu, "nisichojua" upande ule. Sikuwahi kuwa na ukurasa kama huo. Nilikuwa na madaftari matatu na sikuwa nao.

Nikamwambia kwamba kwa ukurasa huo Mwalimu Deo hatampa nafasi ya mwaka mmoja. Nilitaka aelewe. Nilitaka, nikiri, aniambie basi tufanye ule mpango wangu.

"Najua," akasema.

"Utakaa na watoto wa miaka kumi na tatu."

"Mie mwenyewe mdogo, hawatajua." Ni kweli, mwili wake haukukua sana, ugonjwa huo unadumaza. Hilo alilisema kama mzaha na mie nikalipokea kama mzaha.

"Ni mwaka mzima, Somoe."

Tunalijua wote wawili neno hilo lina uzito gani kwetu, na hakuna aliyewahi kulisema hivyo mbele ya mwenzake. Nilitamani kulirudisha mdomoni. Feni ya kwa jirani ilikuwa inazunguka, kwetu umeme wa kulipia uliisha tangu saa sita.

"Nikiingia lile kundi la mwaka mmoja," akasema, "wataniuliza aljebra, daftari halitanijibia. Nitarudi pale pale, najiona mie ndiye mbovu. Sitaki tena mama. Huo mwaka nautumia kusoma. Kama upo, upo."

Kama upo, upo. Ana miaka kumi na tano.

Kwa hiyo Ijumaa tutaenda wote, si mie peke yangu. Tutaenda asubuhi kabla ya jua kali, na chupa ya maji, na madaftari ya kliniki yote mawili, hata lile la chai. Kaunta buku mpya nimeandika jina lake juu na chini yake nimeacha tupu. Zile vema za kuanzia kesho mpaka mwisho wa Januari amezifuta yeye, moja moja, kwa kifutio cha wino. Nilishindwa kutazama. Niligeukia ukutani nikasoma ubao, ambao hauna kitu. Sijui tarehe mosi nikimaliza kuswali mikono yangu nitaipeleka wapi. Labda niombe tu, kwa mdomo, kama watu wengine.

Kabla sijaanza kuandika haya nilimuuliza kama ana hasira na mie. Nilikuwa nimejiandaa aseme hapana. Angesema hapana ningeshukuru, na nisingelala.

Akafikiri. Akakwaruza kucha.

"Ninayo," akasema. "Sio nyingi sana. Ila ninayo."

Nikamwambia ahsante. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, akarudi kwenye ukurasa wake wa nisichojua.

Akiamka na nguvu kesho, tutaanza aljebra, sura ya kwanza, na nimemwambia wazi kwamba mie mwenyewe nusu yake siielewi, tutakwama wote. Asipoamka na nguvu, hatutaanza.